Silaha Ni ya Nani? Maasi ya 1964 na Maana ya Weledi wa Mwanajeshi

Katika mdahalo wa klabu muhula uliopita mada ilikuwa weledi kazini. Daktari mweledi tulimweleza kwa urahisi, na mwalimu mweledi vilevile. Tulipofika kwa mwanajeshi tukagawanyika. Wengine walisema mwanajeshi mweledi ni yule anayeijua kazi yake na kutii amri, basi. Wengine walisema hiyo haitoshi. Makala hii inatetea upande wa pili, na ushahidi wake unatoka katika tukio ambalo baadhi yetu tumelisikia nyumbani kwa vipande tu: maasi ya jeshi la Tanganyika ya Januari 1964.

Tuanze na nadharia. Mwaka 1957 mtaalamu wa siasa wa Marekani, Samuel Huntington, aliandika kwamba uofisa wa jeshi ni taaluma kama udaktari au uanasheria. Alitaja nguzo tatu: ujuzi maalumu, wajibu kwa jamii, na hisia ya kuwa kundi moja lenye kanuni zake. Kwa maoni yake, raia waliopewa madaraka ndio wanaoamua, mwanajeshi anatekeleza, na jeshi linakaa mbali na siasa. Hoja hii ina nguvu, lakini inachukulia kwamba jeshi tayari ni la taifa. Je, kama jeshi liliundwa na mtu mwingine, kwa kazi yake mwenyewe, halafu taifa likalirithi?

Hali hiyo ndiyo iliyoikuta Tanganyika. Jeshi la King's African Rifles, au KAR, liliundwa na Waingereza mwaka 1902. Kwa ujuzi halikuwa na upungufu. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wake walipigana Ethiopia, Madagascar na Burma. Kiswahili kilikuwa lugha yao kazini, na hata neno "afande", ambalo Mtanzania hulitumia leo kumwitia mkubwa wa jeshi au polisi, lina uhusiano na "effendi", cheo walichopewa Waafrika wachache katika KAR miaka ya 1950. Lakini wajibu wa askari huyu ulikuwa kwa nani? Ulikuwa kwa ofisa wake Mwingereza, na kupitia kwake kwa Malkia. Raia wa kijijini hakuwamo katika hesabu hiyo.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, KAR ya Tanganyika ikawa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika kuliko mambo yenyewe. Kamanda alikuwa bado Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maofisa wengi walikuwa Waingereza. Kambi ya Dar es Salaam iliitwa Colito na ya Tabora iliitwa Kalewa, majina ya mapigano ya Ethiopia na Burma. Askari wa kawaida alilipwa takriban shilingi 105 kwa mwezi. Aliwaona Waafrika wenzake wakipanda vyeo katika ofisi za serikali, huku yeye akibaki chini ya mabwana walewale.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Colito waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini na kushika sehemu muhimu. Walidai mambo mawili: maofisa Waingereza waondoke, na mshahara upande hadi shilingi 260. Rais Nyerere na Makamu wake, Rashidi Kawawa, walifichwa. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari. Maofisa Waingereza wakasafirishwa kwenda Nairobi. Mjini maduka yaliporwa na watu kadhaa wakapoteza maisha. Kesho yake kikosi cha Tabora nacho kikaasi, na katika juma hilohilo askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, wakafanya vivyo hivyo.

Tusiwaonee askari hawa. Madai yao yalikuwa na msingi, na hawakutangaza kwamba wanaipindua serikali. Ila walichukua silaha waliyokabidhiwa na nchi, wakaielekeza kwa nchi ili walipwe. Daktari anaweza kugoma na akabaki daktari. Askari akigoma na bunduki mkononi, huo si mgomo tena, kwa sababu hakuna wa kujadiliana naye kwa usawa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo weledi wa mwanajeshi unapotofautiana na wa taaluma nyingine zote.

Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza msaada. Tarehe 25 Januari askari wao wa majini walishuka Colito kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur, na maasi yakaisha siku hiyo. Kwa rais wa nchi yenye uhuru wa miaka miwili ilikuwa fedheha, naye hakuificha. Baadaye mwaka huo askari wa Nigeria walikuja kulinda nchi, maana jeshi lenyewe lilivunjwa.

Uganda ilichukua njia nyingine. Serikali ya Milton Obote ilikubali kuongeza mishahara na kuharakisha vyeo. Miongoni mwa waliopanda haraka ni Idi Amin, askari wa KAR aliyefikia cheo cha effendi mwaka 1959. Mwaka 1962 kikosi alichokiongoza kilituhumiwa kuwaua wafugaji wa Turkana, lakini hakufikishwa mahakamani. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili baada ya maasi ya Colito kuzimwa, Amin alimpindua Obote.

Tanganyika iliunda jeshi upya. Tarehe 1 Septemba 1964, baada ya Muungano, lilizaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiongozwa na Mrisho Sarakikya, ofisa aliyesomea Sandhurst. Tulitazame jina hilo: ni la Wananchi. Vijana wengi waliandikishwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, na mwanajeshi akaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama. Colito ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliishinda safu ya Wajerumani mwaka 1891. Huntington angetikisa kichwa kuona siasa ikiingizwa kambini. Nyerere aliona kinyume: askari asiye na uhusiano na raia ndiye wa hatari.

Njia hii ilikuwa na gharama. Baada ya maasi, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, na nafasi ya kuikosoa serikali ikabanwa. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Jeshi la wananchi lilikuwa pia jeshi la chama, na mambo hayo mawili hayalingani.

Vita vya Kagera viliupima weledi huo mpya. Askari wa Amin walivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala iliangukia mikononi mwa Watanzania. Mmoja wa makamanda alikuwa David Musuguri, aliyeingia KAR mwaka 1942. Yaani Musuguri na Amin walitoka shule moja ya kijeshi. Ujuzi pekee hauwezi kueleza kwa nini mmoja aliitawala nchi yake kwa bunduki na mwingine akatumikia hadi kustaafu. Hata hivyo tusipake rangi. Huko Mutukula, Januari 1979, askari wa Tanzania waliua raia kulipiza kisasi, na Nyerere akalazimika kuamuru raia wasiguswe. Jina zuri halikutosha. Ilihitajika amri, na mtu wa kuisimamia.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, wanajeshi walitolewa kwenye chama. Leo ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, lakini inamwachia haki ya kupiga kura. Naona hapo nchi ilipata sentensi iliyokuwa ikiitafuta tangu 1964: askari si mali ya chama, lakini ni mwananchi bado.

Kwa hiyo nawajibu wenzangu wa mdahalo hivi. Kujua kazi na kutii amri ni mwanzo tu, kwani askari wa Colito waliijua kazi yao na walikuwa wametii kwa miaka mingi. Weledi wa mwanajeshi ni kujua pia silaha ni ya nani, na kukubali kuulizwa aliitumiaje. Lakini nchi nayo ina zamu yake: imlipe inavyostahili, imwache apande cheo kwa uwezo wake, na isimtumie kama bawabu wa chama. Suala hili halituhusu kwa mbali. Jeshi la Uingereza huandikisha raia wa Jumuiya ya Madola, Wakenya wakiwamo, na huenda kuna msomaji mwenye ndugu huko. Yeye ataeleza vipi wajibu wake, na kwa nani? Ningependa tulijadili hilo muhula ujao.