Rooivalk: Helikopta ya Afrika Kusini iliyopigana kwa mara ya kwanza Kivu

Rooivalk ni helikopta ya mashambulizi iliyosanifiwa na kuundwa nchini Afrika Kusini. Jina lake limetokana na lugha ya Kiafrikana, na maana yake ni kipanga mwekundu. Jeshi la anga la nchi hiyo lilinunua 12 tu, wala hakuna taifa jingine lililowahi kuzinunua. Licha ya uchache huo, helikopta hii imeingia katika historia ya eneo la Maziwa Makuu, kwani ni katika milima ya Kivu Kaskazini ndiko ilikotumika vitani kwa mara ya kwanza.

Chimbuko lake

Mwezi Novemba 1977, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea Afrika Kusini vikwazo vya lazima vya silaha kutokana na siasa zake za ubaguzi wa rangi. Wakati huo huo utawala wa makaburu ulikuwa ukipigana nchini Angola dhidi ya majeshi yaliyopewa vifaru, ndege na helikopta na Umoja wa Kisovieti. Kwa kuwa haukuweza kununua helikopta ya kivita kutoka nje, utawala huo uliamua kuiunda wenyewe.

Kazi hiyo ilikabidhiwa shirika la Atlas, ambalo baadaye liliingizwa katika Denel, shirika la umma la kutengeneza silaha. Mwaka 1985 mafundi walirusha helikopta ya majaribio iliyotokana na Alouette III ya Ufaransa. Kisha mitambo ya helikopta ya usafirishaji aina ya Puma, nayo ya Kifaransa, ikatumiwa kuwa msingi wa injini na rafadha za Rooivalk.

Rooivalk ya kwanza ya majaribio iliruka tarehe 11 Februari 1990, siku ile ile Nelson Mandela alipotoka gerezani. Vita vya Angola, vilivyokuwa sababu ya kuundwa kwake, vilikuwa vimekwisha kwa upande wa Afrika Kusini baada ya mkataba wa Desemba 1988. Silaha ilikuwa tayari kuruka, lakini vita iliyokusudiwa havikuwapo tena.

Uwezo wake

Rooivalk hubeba watu wawili. Mwendesha silaha huketi mbele, na rubani huketi nyuma yake katika kiti kilichoinuliwa ili aone mbele bila kuzuiwa. Ina injini mbili, na uzito wake wa juu kabisa wakati wa kuruka ni kilo 8,750. Mwendo wake wa juu ni takriban kilomita 309 kwa saa, na kwa mafuta yake ya ndani huweza kusafiri kilomita 700 hivi.

Chini ya pua yake umefungwa mzinga wa milimita 20 wenye risasi 700. Mzinga huo umeunganishwa na kofia ya mwendesha silaha: anakogeuza kichwa, nao hugeukia huko huko. Mbawa zake fupi hubeba roketi za milimita 70, na zilisanifiwa pia kubeba makombora ya kuharibu vifaru yanayoongozwa kwa miale ya leza. Kamera za kuhisi joto humwezesha mwendesha silaha kutambua shabaha usiku.

Sifa nyingine ni ustahimilivu wake. Ilikusudiwa kukaa porini kwa muda mrefu, mbali na viwanja vikubwa, ikihudumiwa na mafundi wachache wenye vifaa vya kawaida. Aidha, injini zake zina nguvu ya kutosha kwa nchi za joto na za miinuko, ambako hewa ni nyepesi na helikopta nyingi hulazimika kupunguza mzigo.

Miaka ya kusubiri

Helikopta hizo zilianza kuingia jeshini mwaka 1999, lakini toleo lililokamilika lilikabidhiwa mwaka 2011. Moja kati ya 12 iliharibika kabisa katika ajali, zikabaki 11. Juhudi za kuziuza nje hazikuzaa matunda: Uingereza ilichagua Apache ya Marekani mwaka 1995, nayo Australia ikachagua Tiger ya Ulaya mwaka 2001.

Mapigano ya Chanzu

Mwezi Machi 2013, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 lililounda Brigedi ya Kuingilia Kati ndani ya MONUSCO. Brigedi hiyo ilikuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Afrika Kusini ilipeleka Rooivalk tatu.

Tarehe 4 Novemba 2013, helikopta hizo ziliyashambulia kwa roketi maficho ya waasi wa M23 katika vilima vya Chanzu, karibu na mpaka wa Uganda. Siku iliyofuata M23 walitangaza kuacha uasi. Ushindi huo haukuwa wa helikopta peke yake, kwani jeshi la Kongo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya mapigano, na shinikizo la kidiplomasia nalo lilikuwa limepamba moto. Hata hivyo, waasi waliojichimbia vileleni walipoteza kinga waliyoitegemea.

Gharama ya uchache

Kundi dogo la helikopta ni ghali kulitunza. Kwa kuwa hakuna mnunuzi mwingine, hakuna wa kushirikiana naye gharama za vipuri na maboresho. Denel ilipotumbukia katika matatizo makubwa ya fedha, idadi ya Rooivalk zinazoweza kuruka ilipungua.

Athari zake zilijadiliwa kwa uchungu mwezi Januari 2025. M23, walioanza upya vita mwishoni mwa mwaka 2021, waliuteka mji wa Goma, na askari 14 wa Afrika Kusini wakauawa katika mapigano ya Sake na Goma. Nchini mwao, ukosefu wa ulinzi wa anga kwa askari hao ulikuwa miongoni mwa lawama kubwa zilizoelekezwa kwa serikali.

Roketi za Chanzu zilisaidia kuwaondoa waasi vilimani mwaka 2013. Chanzo cha uasi wenyewe kilibakia, na wakazi wa Rutshuru, Masisi na Goma ndio walioendelea kuyahama makazi yao.