Kutoka Mregho hadi Redio: Vyombo vya Kufundishia katika Miteremko ya Kilimanjaro

Vinapotajwa vyombo vya kufundishia, mawazo ya msikilizaji huikimbilia mashine: redio, sinema, na siku hizi kompyuta. Huonekana basi kana kwamba historia ya vyombo hivyo nchini mwetu ilianza siku viliposhushwa melini katika bandari zetu. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha, kwa kuutazama mkoa mmoja tu, kwamba sivyo. Watu wa Kilimanjaro walikuwa na chombo chao cha kufundishia kabla ya kengele ya shule ya kwanza kupigwa mlimani. Tena, yale yaliyokifanya chombo hicho kifundishe ndiyo hasa yaliyoifanya redio ifundishe katika miaka ya 1960 na 1970.

Chombo chenyewe kiliitwa mregho. Ulikuwa ni mti uliochongwa alama za mikato, nao ulitumika katika mafunzo ya jando na unyago ya Wachaga. Mzee mfundishaji aliushika mbele ya vijana, akaonyesha alama moja baada ya nyingine, na kila alama ilikuwa na somo lake lililoimbwa: jinsi mtoto anavyoumbika tumboni mwa mama, wajibu wa mume na mke, heshima kwa wakubwa, na mambo mengineyo ambayo mtu mzima hakuruhusiwa kuyapuuza. Vijana waliitikia na kurudia mpaka somo likakaa kichwani. Mmisionari wa Kijerumani Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi, aliyaandika mafundisho haya kwa kirefu, na kazi yake kubwa juu ya mafundisho ya Wachaga ilitoka katika vitabu vitatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Otto Raum, mtoto wa mmisionari aliyekulia mlimani humo, naye aliueleza mregho katika kitabu chake juu ya utoto wa Mchaga, kilichochapishwa mwaka 1940.

Yafaa tuangalie vizuri namna chombo hiki kilivyofanya kazi. Mikato ile haikuwa maandishi. Mtu aliyeuokota mregho njiani, asiyefundishwa nyimbo zake, hakuweza kusoma kitu. Kazi ya alama ilikuwa kushikilia mpangilio: kumkumbusha mfundishaji lipi linatangulia na lipi linafuata, na kumpa mwanafunzi mahali pa kukaza macho wakati sikio linapokea. Elimu yenyewe ilikuwa kati ya watu watatu, yaani mzee aliyejua, kijana aliyeuliza au kuitikia, na kundi la wenzake waliosikia pamoja naye na ambao baadaye wangemshitaki kwa maneno yale yale kama angeyasahau. Mti ukivunjika, mwingine ulichongwa. Mzee akifa bila mrithi, hapo ndipo hasara ilipokuwa.

Shule za misheni zilipoenea, na hasa baada ya Marangu kuwa mahali pa kufundishia walimu tangu enzi ya Wajerumani, mregho ulipoteza nafasi yake pamoja na jando lenyewe. Ubao, chaki na kitabu vikashika zamu. Siyo nia yangu kulalamika hapa, kwa sababu kusoma na kuandika ni ufunguo ambao mregho haukuweza kuutoa. Lakini shule ile ilichukua watoto, nayo ikawaacha wazee nje. Mpasuko huo haukuonekana kuwa na madhara mpaka mlima ulipoingia katika biashara ya kahawa.

Mbuni uliletwa mlimani na mapadri Wakatoliki wa Kilema karibu na mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima Waafrika waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU, chama kikuu kilichounganisha vyama vya msingi vya mlima mzima. Mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, ikapimwa, akapewa malipo ya kwanza. Baada ya kahawa kuuzwa ndipo ilipojulikana kama kuna malipo ya pili, na kiasi gani. Kati ya malipo hayo mawili palikuwa na gharama za usafirishaji, za ghala, za watumishi, na mambo ya bei za dunia ambayo hayakuonekana kwa macho kutoka kihambani. Mzee aliyekuwa na miti mia tatu ya kahawa, asiyejua kusoma, aliombwa aamini karatasi.

Hakuamini kila mara. Mwaka 1937, bei zilipokuwa chini na wakulima wakilazimishwa kuuza kwa njia moja tu, watu katika sehemu kadhaa za mlima walivamia majengo ya vyama vyao wenyewe. Serikali ya kikoloni iliona ghasia. Nadhani ni haki zaidi kuona pia upungufu wa elimu, kwa maana hasira ya mtu asiyeweza kuikagua hesabu hukosa mlango mwingine wa kutokea.

Baada ya Uhuru jambo hili halikuweza kuachwa. Vyama vya ushirika vilienea upesi nchi nzima, na mwaka 1966 Tume ya Rais iliyochunguza ushirika ilitaja miongoni mwa kasoro kubwa kwamba wanachama hawakuwa na habari za kutosha juu ya vyama vyao, na kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba. Tayari Chuo cha Ushirika kilikuwa kimefunguliwa Moshi mwaka 1963 kwa ajili ya watumishi. Lakini chuo chenye mabweni hakiwezi kuwalaza wajumbe wa kamati wa vyama vyote vya Tanzania, wala mjumbe mwenye ng'ombe zizini hawezi kuwaacha kwa miezi sita. Kwa hiyo Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichoanzishwa mjini humo humo mwaka 1964, kilichagua njia nyingine: masomo ya posta, vipindi vya redio, na vikundi vya kujisomea vilivyokutana kwenye vyama vya msingi, huku matawi ya Kituo mikoani yakivitembelea.

Njia hiyo haikubuniwa Moshi. Wasweden, walioisaidia kazi hii, walikuwa na mila ndefu ya wanaushirika kujifunza katika vikundi kwa barua. Nchini Kanada, tangu mwaka 1941, wakulima walikusanyika majumbani kusikiliza kipindi cha redio kilichotungwa kwa ajili yao, wakajadiliana, kisha wakapeleka maoni yao kwa watangazaji. India ilijaribu jambo hilo hilo katika vijiji vya Poona mwaka 1956. Kilichokuwa chetu ni udongo ambamo mbegu ile iliangukia. Mlimani watu walikuwa wamezoea kukutana ili kugawana zamu za maji ya mifereji, na kila mwenye kihamba alijua kwamba mfereji usiosafishwa na wote humkausha kila mmoja. Kikundi hakikuhitaji kufundishwa namna ya kuwa kikundi.

Somo liliendaje? Wanachama walikusanyika saa ya kipindi, redio ikawekwa mahali ambapo wote wangesikia. Kipindi kikiisha, ajuaye kusoma alisoma kijitabu kwa sauti, kiongozi akauliza maswali, na wazee wakajibu kwa mifano ya chama chao wenyewe. Hapo ndipo neno kama "mizania" lilipoacha kuwa neno la karani. Redio ilishika mpangilio na kijitabu kikashika kumbukumbu, lakini mafundisho yalitoka vinywani mwa waliokaa pale. Msomaji aliyeufuata mregho tangu mwanzo ataitambua sura hii.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliikuza njia hiyo hiyo ikawa ya taifa zima. Ilianza kwa majaribio mwaka 1969, na mwaka 1973 ikafika kilele kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kujifunza juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, chini ya viongozi kama 75,000 waliofunzwa kwa ajili hiyo. Watu walitoka kwenye mazungumzo wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kilimanjaro iliingia katika kazi hiyo ikiwa imejiandaa kuliko sehemu nyingi, kwani ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa ziwe za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma katika mwaka 1971. Katika nchi nzima, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi asilimia 39.

Hata hivyo tusiisifu mashine kupita kiasi. Betri zilikuwa ghali, na mabonde ya mlima hayakuwa rafiki wa mawimbi ya redio. Pale redio iliponyamaza, kikundi chenye kijitabu na kiongozi kiliendelea. Pale kiongozi alipokosekana, redio iliyosikika vizuri ilikuwa burudani tu. Walimu wa shule za msingi walilijua hilo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu kwa posta na kwa redio huku wakifundisha. Katika mpango huo aliyebeba mzigo mzito alikuwa mkufunzi aliyezunguka shuleni kwa baiskeli au kwa miguu kusahihisha kazi zao, naye hatajwi sana.

Kuna jambo jingine ambalo mwanahistoria hawezi kuliruka. Mwezi Mei mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU kikiwa mojawapo, na kazi za vyama vya msingi zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa vijiji kwa sheria ya mwaka 1975. Wazee waliokuwa wamejifunza kwa miaka kumi kuihoji mizania walijikuta hawana mizania ya kuihoji. Kahawa yao ikawa chini ya Mamlaka ya Kahawa, ambayo haikuitisha mkutano mkuu wa wanachama. Sheria mpya ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na KNCU kikaundwa upya mwaka 1984. Chuo cha Moshi kiliendelea muda wote huo, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika. Vyama vilipofunguliwa tena, katika mikutano ya kwanza waliosimama kuuliza malipo ya pili yamefikia wapi walikuwa na mvi.