Waya wa antena wa Baba wapata kazi mpya

Kimya changu kilitokana na kuta. Nilikuwa nyumbani Kiganjo.

Nyumba yetu ni ya mawe ya kuchonga. Ruta iko sebuleni, chumba cha Mama kiko mwisho kabisa, na tangu avunjike nyonga hatoki humo. Dada yangu yuko Muscat. Humpigia kwa video kila jioni, na kila jioni sura inaganda. Nikanunua vituo viwili vya Wi-Fi vya meshi, vile vya kupokezana mtandao hewani. Wapi! Kituo cha pili lazima kikisikie cha kwanza, na katikati kuna kuta nne. Nikashika drili nipitishe waya. Mama akakataa katakata: "Ukuta wa baba yako hutoboi."

Kumbe marehemu mwenyewe alikuwa ameshautoboa. Mwaka 1994, ili Kombe la Dunia lionekane sebuleni na chumbani, alipitisha waya wa antena hadi vyumba vyote viwili. Analogi ilipozimwa nchini mwaka 2015 tukaweka king'amuzi chenye antena yake, na waya ukabaki umelala ukutani.

Waya huo ni kebo ya koaksia: uzi wa shaba katikati, plastiki juu yake, kisha wavu wa chuma unaozuia kelele za nje. Oliver Heaviside aliupatia hataza Uingereza mwaka 1880. Mwaka 1956 koaksia iliyolazwa chini ya Atlantiki, TAT-1, ilianza kubeba simu. Wengi wetu Kenya tuliufahamu kwa sababu ya televisheni, iliyoanza hapa mwaka 1962.

Lakini sisi watu wa programu husahau kwamba Ethernet ilizaliwa ndani ya waya huu. Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox kule California, Robert Metcalfe na David Boggs waliunganisha kompyuta kwa koaksia kwa kasi ya megabiti 2.94 kwa sekunde. Wazo lilitoka ALOHAnet, mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii ulioanza mwaka 1971: mashine zote zinasemea njia moja, zikigongana zinangoja kidogo na kurudia. Yaani redio iliingia kwenye waya, halafu kupitia Wi-Fi ikatoka tena. Mimi nimeirudisha ndani tu.

Kanuni inayotumika leo inaitwa MoCA, ya muungano ulioundwa mwaka 2004. Toleo la 2.5, la mwaka 2016, hufika gigabiti 2.5 kwa sekunde. Unaweka adapta moja kila upande wa waya. Hutumia masafa ya megahezi 1125 hadi 1675, juu ya yale ya televisheni ya antena. Lakini waya unaotoka kwenye dishi usiuguse, masafa yake yanaingiliana na haya. Kigawanyo cha Baba kule darini kilikuwa cha mwisho megahezi 900, na kimeshika kutu. Nikakitoa, nikaunga waya mbili moja kwa moja. Kazi nzima nusu saa, na dakika ishirini kati ya hizo nilikuwa natafuta ngazi.

Jana jioni dada alipiga. Mama akamtazama vizuri, akamwambia amekonda.