Kompyuta yako inaganda? Tambua tatizo kabla ya kumlipa fundi

Unaandika barua ya kuomba kazi, mara mshale hausogei, kibodi haijibu na picha imesimama. Unazima, unawasha, na kesho yake inatokea tena. Kwa wakazi wa Mantapala, Nchelenge na Kashikishi, kompyuta moja inaweza kuhudumia nyumba nzima. Makala haya yanakueleza namna ya kujua kama tatizo ni joto, umeme, RAM au hadi diski, ili usilipie kifaa ambacho hakijaharibika.

Kwanza, okoa mafaili yako

Kompyuta inayoganda inaweza kuwa na diski inayokufa. Kabla ya jaribio lolote, nakili mafaili muhimu kwenye flashi: diploma ya serikali kutoka Kongo, vyeti vya kuzaliwa, picha za familia, nakala za karatasi za ukimbizi. RAM au chaja unaweza kununua nyingine. Cheti ulichokipiga picha kabla ya kukimbia huenda usikipate tena.

Je, imeganda kweli?

Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Kama taa yake inawaka na kuzima, kompyuta bado inafanya kazi. Huenda ni programu moja tu iliyokwama. Subiri dakika chache, kisha bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Kama taa haibadiliki kabisa, kompyuta yote imesimama. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi mpaka izime.

Sasa chukua daftari. Kila inapoganda, andika saa, ulichokuwa unafanya, na kama chaja ilikuwa imechomekwa. Baada ya siku tatu au nne utaona mpangilio.

Inaganda baada ya kutumika kwa muda, na ni ya moto: joto na vumbi

Kiangazi, vumbi la barabara na moshi wa mkaa huingia kwenye feni. Miezi ya Septemba na Oktoba joto huongeza shida. Sikiliza: je, feni inalia sana, au hailii kabisa? Weka mkono penye tundu la hewa. Kama upepo ni hafifu, njia imeziba.

- Usiweke kompyuta juu ya kitanda au blanketi. Iweke juu ya meza au ubao.
- Zima, chomoa chaja, na utoe betri kama inatoka. Safisha matundu kwa brashi laini na kavu. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate huleta unyevu.
- Kama bado inachemka, fundi aifungue, asafishe feni na abadilishe dawa ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa.

Inaganda ikiwa kwenye chaja tu: umeme

Chomoa chaja na utumie betri peke yake. Kama haigandi tena, shuku chaja, soketi au inveta ya sola. Inveta ya bei nafuu inaweza kutoa umeme usio safi: chaja inavuma au inachemka, na mshale unarukaruka. Jaribu chaja hiyo kwenye umeme wa ZESCO au mahali pengine.

Ukinunua chaja nyingine, soma maandishi yake. Volti lazima ziwe sawa na za chaja ya zamani. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Umeme ukikatika, chomoa kompyuta, na usubiri kidogo baada ya umeme kurudi ndipo uchomeke tena.

Hatari: betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Usiichaji, usiitoboe, usiitupe motoni. Acha kuitumia na umpelekee fundi.

Inaganda wakati wowote, hata ikiwa baridi: RAM

Dalili nyingine ni skrini ya bluu, kujizima na kujiwasha yenyewe, au milio wakati wa kuwasha. Kwenye Windows, andika *mdsched* katika sehemu ya kutafutia, kisha uiwashe upya. Kompyuta itaipima RAM yenyewe.

Mara nyingine RAM haijafa, imelegea tu au imeshika uchafu. Fundi anaweza kuitoa, kusafisha meno yake kwa kifutio cha penseli na kuirudisha. Kama zipo mbili, ajaribu moja moja. Ile inayoleta kuganda ndiyo mbovu.

Inaganda unapofungua faili: diski

Kompyuta inasimama dakika kadhaa, kisha inaendelea. Mafaili hayafunguki au yanapotea. Hadi diski ya zamani inaweza kutoa mlio wa "tik, tik". Ukisikia mlio huo, zima mara moja na usiendelee kujaribu, kwa sababu kila dakika ya kuwaka inaweza kuharibu zaidi. Mwambie fundi mapema kwamba unahitaji mafaili kwanza, kisha diski mpya.

Jaribio zuri ni kuwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi. Ikifanya kazi saa nzima bila kuganda, RAM na prosesa huenda ni nzima. Tatizo liko kwenye diski au kwenye Windows yenyewe.

Unapokwenda kwa fundi

1. Mwonyeshe daftari lako. Usiseme tu "imeharibika".
2. Kubaliana bei kabla hajafungua, na umwombe akurudishie kifaa cha zamani alichokitoa.
3. Usikubali afute kila kitu kabla mafaili hayajanakiliwa.
4. Usimwachie karatasi zako halisi za ukimbizi kama dhamana.
5. Mafaili ya siri yanakili na uyafute kwenye kompyuta kabla ya kuiacha, au ukae hapo anapoitengeneza.

Kama huwezi kununua kifaa leo, flashi yenye nakala ya mafaili yako, iliyofungwa kwenye plastiki mbali na maji na vumbi, tayari imekulinda dhidi ya hasara kubwa zaidi.