Ofisi ya McGarrett, gereza la Malkia

Wadau, nakiri kwamba kilichonipeleka katikati ya jiji la Honolulu mwaka jana hakikuwa historia. Ilikuwa runinga.

Kisiwa cha Oahu, Hawaii, nilikijua kabla sijakikanyaga. Ndipo ilipopigwa tamthilia ya Lost (2004-2010), na hata ile Nigeria ya utotoni mwa Mr. Eko ilikuwa Oahu hiyo hiyo! Kabla yake kulikuwa na Hawaii Five-O (1968-1980), ambamo mpelelezi McGarrett ana ofisi ndani ya jumba la kifahari. Nilitaka picha mbele ya jumba lile, basi.

Kumbe jumba lenyewe ni kasri la wafalme! Linaitwa Iolani. Mfalme Kalakaua alilikamilisha mwaka 1882, mwaka mmoja tu kabla ya Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash kule Unguja. Umeme uliwaka humo kabla ya Ikulu ya Marekani kuwa nao.

Dada yake, Liliuokalani, alirithi kiti mwaka 1891. Alipotaka katiba mpya ya kurudisha mamlaka yaliyoporwa, kundi la wafanyabiashara na wanasheria, wengi wao wenye asili ya Marekani, lilimpindua Januari 17, 1893. Siku moja kabla, askari wa manowari ya Marekani, USS Boston, walikuwa wameshashuka pwani. Malkia akasalimu amri ili damu isimwagike. Mwaka 1895 wafuasi wake walijaribu kumrudisha, wakashindwa. Akashtakiwa ndani ya ukumbi wake mwenyewe wa enzi, kisha akafungiwa chumba cha ghorofani kwa karibu miezi minane. Mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa vyote.

Wageni tulivishwa vifuniko juu ya viatu tusije tukakwaruza sakafu. Katika chumba kile kuna shuka la vipande vya hariri ambalo Malkia alianza kulishona kifungoni, likatariziwa na tarehe ya kufungwa kwake. Nilisimama pale kwa muda. Kamera nilikuwa nayo, hamu ya picha ikaniisha.

Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi, Rais Clinton akalitia saini. Radhi ile haikurudisha kiti wala ardhi.

Jina la McGarrett nililijua tangu zamani. La Malkia nililijulia mlangoni pake, tena baada ya kukata tiketi. Wewe je, ndugu yangu, kile kisiwa kizuri ulichokitazama jana usiku kwenye runinga, unajua ni kwa nani?