Njia ya Keki ya Maua hadi Keroka

Mji wa Keroka umekaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Sotik. Ifikapo Desemba, msimu wa harusi na wa sherehe za vijana waliotahiriwa, si ajabu kuona keki ya ghorofa tatu ikipakiwa garini taratibu, ubavu wake umechorwa maua ya krimu na juu yake amesimama ng'ombe aliyefinyangwa kwa sukari. Nyingi za keki hizo huokwa nyumbani, na wanawake ambao hawajawahi kuajiriwa na kampuni ya mikate. Ili kuelewa keki hiyo ilifikaje hapo, hatuna budi kuanza na nafaka.

Kabla ya ukoloni, Abagusii, wenyeji wa eneo hili, waliishi kwa wimbi. Ndilo lililosongwa ugali, likapikwa uji na likachachushwa pombe. Lakini wimbi halina gluteni, ile nguvu ya kunata inayoufanya unga wa ngano ulioloweshwa uvutike na kushika hewa ndani yake. Donge la wimbi likitiwa motoni hukauka na kupasuka, haliumuki. Kwa hiyo kukosekana kwa keki hakukuwa upungufu wa ujuzi wa mapishi. Nafaka yenyewe ilielekeza mapishi kwingine, na jiko la mafiga matatu, ambalo moto wake hutoka chini tu, lilitosha kabisa kwa kazi iliyohitajika.

Keki iliyopambwa ilikuwa ikikomaa mbali, huko Uingereza. Mwaka 1843 Alfred Bird wa Birmingham alitengeneza hamira ya unga, na keki ikaweza kuumuka bila chachu. Mwaka 1874 serikali ya huko ikafuta ushuru wa sukari, na kitu kilichokuwa anasa ya matajiri kikaingia katika nyumba za kawaida. Hapo ndipo ule mchanganyiko mweupe wa ute wa yai na sukari laini, ambao hukauka ukawa mgumu, ulipoenea katika harusi za watu wa kipato cha kati. Ukikamuliwa kupitia ncha nyembamba ya bati, huchora kamba, majani na maua. Keki hiyo nyeupe ya harusi ndiyo walowezi na wamisionari waliyoijua walipokuja Afrika Mashariki.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Waingereza walipigana na Abagusii mwaka 1905 na tena 1908, na katikati ya vita hivyo wakajenga kituo chao Kisii. Kampuni ya Unga ilianzishwa mwaka 1908, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaleta unga wa ngano na sukari katika maduka ya mji mpya. Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Hata hivyo, tusidhani kwamba unga ulipofika, keki ilifuata. Kilichofuata ni chapati na mandazi, na sababu yake ni ya wazi: chapati inataka chuma cha moto na mafuta kidogo, ilhali keki inataka mayai, siagi, sukari nyingi na joto linalozunguka pande zote. Kwa miaka mingi keki ilibaki katika nyumba za misheni.

Ni nini basi kilichoitoa huko? Maelezo yaliyozoeleka huitaja harusi ya kanisani, yenye shela, pete na keki ya kukatwa mbele ya watu. Yana ukweli, kwa kuwa harusi ndiyo iliyoipa keki kazi ya hadharani. Lakini kanisa lilikuwapo tangu 1911, na keki haikuenea kwa kasi yake. Naona uzito zaidi katika fedha na mafunzo. Wakulima wa Kisii waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, na kufikia miaka ya 1950 pareto na majani chai vilikuwa vimeanza kuingiza fedha mashambani. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kiliundwa, na vikundi vyake vikafundisha usafi, ushonaji na uokaji. Harusi ilileta hamu ya keki. Mapato ya shamba na mafunzo ya vikundi vikaleta uwezo.

Uwezo huo haukungoja oveni. Sufuria kubwa hutandikwa mchanga au kokoto, ikatengwa juu ya jiko la makaa mpaka mchanga ushike moto. Sufuria ndogo yenye mchanganyiko huwekwa ndani, kubwa ikafunikwa, na makaa mengine yakapangwa juu ya kifuniko. Joto hutoka chini na juu kwa pamoja. Mwokaji hodari hujua kwa harufu kwamba sasa apunguze makaa ya juu, maana uso ukiwahi kukauka, katikati huinuka na kupasuka kama kichuguu. Keki ya kichuguu huliwa vizuri tu, ila haiwezi kubeba ghorofa ya pili. Ndiyo maana kwa muda mrefu keki ya nyumbani ilipelekwa mezani bila pambo, au ilipakwa siagi na kunyunyiziwa sukari.

Mapambo yalihitaji sukari kwa wingi usiofanana na wa chai. Krimu ya kawaida huchukua sehemu mbili za sukari laini kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzani. Kiwanda cha sukari cha Awendo, katika Nyanza hiyohiyo ya kusini, kilianza kusaga miwa mwaka 1979. Miaka sita baadaye, 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 uliingiza Sayansi Kimu pamoja na Sanaa na Ufundi katika shule za msingi nchini kote, na masomo hayo yakatahiniwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto waliokuwa darasani miaka hiyo ndio mama na baba wa leo.

Hapa linazuka swali la ng'ombe wa sukari. Wapo wanaopenda kuunasibisha ufinyanzi huu na mawe ya sabuni ya Tabaka, ambayo yamelitangaza jina la Kisii duniani. Wazo linavutia, lakini sioni kama linasimama. Tabaka iko upande wa pili wa mji wa Kisii, mbali na Keroka. Huko, kwa desturi, wanaume ndio wachongaji na wanawake ndio wang'arishaji. Tena mchongaji wa jiwe huondoa mpaka umbo litokee, lakini mpambaji wa keki huongeza: hutengeneza kiwiliwili kwanza, kisha hubandika shingo, masikio na pembe, na miguu huitia tambi mbichi ndani ili isilegee. Hiyo ni kazi ya udongo. Kama kuna shule iliyomwandaa, ni kipindi cha Sanaa na Ufundi, ambapo mtoto alifinyanga chungu na mnyama kwa udongo wa mtoni.

Ujuzi ukawapo, ila mtaji ulikosekana. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mteja aliweza kutuma malipo ya awali siku anayoagiza, na mwokaji akanunua mayai na sukari laini kwa fedha hizo. Mradi wa kusambaza umeme uliozinduliwa 2015 ukafikisha nyaya kwenye nyumba nyingi za vijijini, na mashine ya kupigia krimu ikapata pa kuchomekwa. Simu zikaleta picha na video za mafunzo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi wa shule za kibinafsi nchini walibaki bila mshahara, na uokaji ukawa miongoni mwa kazi walizozikimbilia.

Mazingira ya Gusii yana masharti yake. Baridi ya nyanda za juu huisaidia krimu: waridi hushika umbo. Mpambaji hukamua kitovu juu ya kijiti chenye kichwa bapa, akizungusha kijiti kwa mkono mmoja na kubana mfuko kwa mwingine. Petali tatu hufuata, kisha tano, kila moja ikianzia katikati ya iliyotangulia. Mvua nayo, inayonyesha karibu mwaka mzima, huisumbua fondanti, ile sukari ya kufinyangwa. Sukari hiyo hunyonya unyevu wa hewa, ikatoa jasho na kuteleza. Kwa hiyo ng'ombe hufinyangwa siku kadhaa kabla ya sherehe, akakaushwa, na mara nyingi hupandishwa juu ya keki ikiwa tayari imefika ukumbini.

Jambo moja bado halijatulia. Kenya imezoea kuuza keki kwa kilo, desturi inayoifaa keki isiyo na pambo. Fondanti ni nzito na huongeza uzani, lakini waridi la krimu ni jepesi, na saa za kulitengeneza hazionekani kwenye mizani. Baadhi ya waokaji sasa hutaja bei mbili, moja ya keki na nyingine ya mapambo, na mteja aliyezoea kuuliza kilo ni ngapi huanza kwa kushangaa, kisha huomba apunguziwe hiyo ya pili.