Ebrahim Hussein: tamthilia zilizofunikwa na Kinjeketile

Linapotajwa jina la Ebrahim Hussein, wengi wetu hukumbuka Kinjeketile, tamthilia yake ya mwaka 1969 juu ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vilivyopiganwa kati ya 1905 na 1907. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wameisoma darasani.

Lakini mwandishi huyo, aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943, hakuishia hapo. Umaarufu wa kazi moja huzifunika nyingine. Hata John Millington Synge wa Ireland hukumbukwa zaidi kwa mchezo uliozusha ghasia mjini Dublin mwaka 1907 kuliko kwa mingine aliyoandika.

Mwaka 1971 Hussein alitoa Mashetani, kisa cha marafiki wawili, Juma na Kitaru, wanaotenganishwa na tofauti za kitabaka. Mwaka 1976 zikafuata Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo aliirejesha jukwaani sanaa ya mtambaji wa hadithi.

Kwa sisi tunaoishi ugenini, inayotugusa zaidi ni Kwenye Ukingo wa Thim, ya mwaka 1988. Chimbuko lake ni kesi ya maziko ya wakili wa Nairobi, S. M. Otieno, aliyefariki dunia Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki hiyo, naye akazikwa huko Mei 1987. Katika tamthilia, wanandoa hao ni Herbert na Martha.

Katika Kinjeketile, makabila yanaungana kumkabili mtawala wa kigeni. Katika Thim, neno la Kijaluo lenye maana ya nyika, hakuna mgeni wa kulaumiwa: wanaovutana ni mke na ndugu za mumewe, katika nchi iliyokwisha kupata uhuru.

Hapa Dubai, msiba unapotokea miongoni mwa Waafrika Mashariki, swali huja mapema: marehemu azikwe hapa au asafirishwe nyumbani? Na nyumbani ni wapi, alikozaliwa au alikoishi na familia yake? Nani ana haki ya kuamua? Hussein aliyaweka maswali hayo jukwaani kwa Kiswahili. Msikilizaji aliyeishia Kinjeketile hajakutana bado na tamthilia inayomhusu yeye mwenyewe.